Chuma cha Kichwani

Kuna rangi moja ya maabara ambayo sijaichoka, ingawa kuitumia ni kazi ya kawaida kabisa. Unachukua sampuli ya uboho iliyokwisha kutandazwa kwenye slaidi, unaimwagia mchanganyiko wa asidi na potasiamu ferosianidi, unasubiri, unasuuza. Palipo na madini ya chuma panatokea buluu iliyokolea. Pasipo na chuma hapatokei kitu. Max Perls, mpatholojia wa Kijerumani, aliieleza njia hii mwaka 1867, na mpaka leo iko kwenye rafu zetu.

Hapa Dar es Salaam, anayeleta sampuli kwa ajili ya rangi hii mara nyingi ana swali moja tu: chuma kimekwisha? Mgonjwa ana upungufu wa damu na daktari anatafuta sababu. Ndivyo tulivyolelewa pia majumbani. Chuma kwetu ni kitu cha kuongezwa. Mjamzito anapewa vidonge kliniki, mtoto aliyepauka anapikiwa maini na matembele, mtu akitoka kulazwa jirani anamletea juisi ya rozela. Sijawahi kusikia mtu barazani akilalamika kwamba chuma chake kimezidi.

Sasa chukua rangi hiyohiyo uimwagie kipande cha ubongo wa mtu aliyefariki akiwa mzee. Katikati, mbali chini ya lile gamba la nje lenye mikunjo, kuna mafungu ya seli yanayosaidia kuratibu mwendo wa mwili. Hapo panageuka buluu kiasi cha kuonekana kwa macho matupu, bila hadubini. Mwaka 1958 Waswidi wawili, Hallgren na Sourander, walichapisha vipimo vya chuma katika bongo za watu wa umri mbalimbali. Katika fungu moja linaloitwa globasi palidasi walikuta takribani miligramu 21 za chuma kwa kila gramu 100 za ubongo mbichi. Kiasi hicho kinazidi kile cha ini, na ini ndilo tunalolijua kuwa akiba ya chuma ya mwili. Mtoto mchanga hana karibu chochote mahali hapo. Chuma hupanda haraka mpaka kama miaka 30, kisha hupunguza kasi. Katika mafungu ya jirani huendelea kupanda mpaka miaka 50 au 60.

Kwa hiyo habari kwamba ubongo hukusanya chuma kadiri unavyozeeka ni ya zamani. Kilichochelewa kueleweka ni nani hasa anakishika hicho chuma, na hapo ndipo mambo yananoga.

Tukisema ubongo, fikra zetu huenda kwenye seli za neva, zile zinazopelekeana ishara. Lakini hizo ni kama nusu tu. Mwaka 2009 kundi la Brazili, akiwemo Suzana Herculano-Houzel, lilitumia njia ya kuusaga ubongo mpaka ukawa majimaji, kisha kuhesabu viini vya seli. Walipata seli za neva zipatazo bilioni 86, na seli zisizo za neva karibu idadi hiyohiyo. Vitabu vingi vilikuwa vikisema seli saidizi ni mara kumi ya seli za neva, watu wakanakiliana bila kuhesabu. Seli saidizi hizo, glia kwa jina la kitaalamu, ndizo zilizoshika sehemu kubwa ya ile buluu.

Ziko za aina tatu ambazo inafaa kuzijua. Oligodendrosaiti huzivika nyuzi za neva ala ya mafuta iitwayo mayelini, ambayo huziwezesha ishara kwenda kwa kasi. Kutengeneza mafuta na kolesteroli ya ala hiyo kunahitaji vimeng'enya vinavyotumia chuma, ndiyo maana katika ubongo mzima na wenye afya oligodendrosaiti ndizo zenye chuma kingi kuliko seli nyingine zote. Astrosaiti zina miguu iliyoishika mishipa midogo ya damu na matawi yaliyozigusa neva, na ndizo zinazosaidia kuamua nini kipite kutoka kwenye damu. Aina ya tatu ni mikroglia, seli za ulinzi na usafi. Hizi zina asili ya ajabu: hazikuzaliwa na ubongo, ziliingia humo kabla ya mtoto kuzaliwa, zikitokea kwenye kifuko cha kiinitete, zikajifungia. Watafiti wa Uswidi walikisia umri wake kwa kutumia kaboni ya mionzi iliyosambaa angani wakati wa majaribio ya mabomu ya nyuklia ya karne iliyopita. Kwa wastani mikroglia moja ya binadamu ina miaka 4.2, nyingine zimekaa zaidi ya miaka 20. Chembe ya damu nyekundu huishi takribani siku 120.

Katika ujana, chuma kingi cha ubongo kiko kwa oligodendrosaiti, kinafanya kazi. Uzeeni picha inabadilika. Buluu inaanza kuonekana zaidi na zaidi ndani ya mikroglia, na katika baadhi ya maeneo ndani ya astrosaiti. Chuma kimehama mikono, na walioshika sasa hawana kazi nacho.

Ili kuelewa kwa nini, lazima turudi kwenye jambo la mwili mzima. Mtu mzima ana gramu 3 hadi 4 za chuma, kama theluthi mbili zikiwa ndani ya himoglobini. Kila siku hupoteza miligramu 1 au 2 tu, kwa ngozi inayokwanguka na utumbo unaojibandua, na wanawake zaidi kidogo kwa hedhi. Hakuna kiungo chenye kazi ya kutoa chuma kilichozidi. Figo hutoa chumvi iliyozidi, hutoa maji, lakini chuma halina njia nacho. Mwili unachoweza kudhibiti ni kile kinachoingia utumboni na namna ya kukitumia tena kilichomo. Wengu na ini hutafuna chembe nyekundu zilizochoka na kurudisha miligramu 20 hivi kwa siku kwenye mzunguko. Mfumo mzima umejengwa kwa mtu anayeogopa kukosa, wala hakuna aliyewaza kwamba angeishi hadi miaka 85.

Hapa nikatishe kidogo, maana swali hili huja kila mara: basi wala nyama na wanywa dawa za damu ndio wenye chuma kichwani? Hapana, si kwa njia rahisi namna hiyo. Kati ya damu na ubongo kuna kizuizi madhubuti. Huko Afrika Kusini, tangu mwaka 1929, madaktari walieleza ugonjwa wa ini kujaa chuma kwa watu waliokunywa kwa miaka mingi pombe ya kienyeji iliyotengenezwa kwenye vyombo vya chuma. Ini lilijaa, wengu ukajaa. Ubongo, kwa sehemu kubwa, uliachwa. Chuma cha kichwani kina hesabu yake. Kinaingia polepole, kwa maisha yote, hata kwa mtu mwenye upungufu wa damu.

Chuma kilicho huru ni hatari. Mwaka 1894 mkemia Mwingereza Henry Fenton alionyesha kwamba chuma kikikutana na haidrojeni peroksidi, kinachotokea ni mmenyuko mkali unaounguza vitu vya kikaboni vilivyo karibu. Seli zetu hutengeneza peroksidi hiyo kila dakika kwa kupumua tu. Ubongo unatumia oksijeni nyingi na umejaa mafuta yanayoharibika upesi. Ukiachia chuma kizurure humo umeitafuta balaa. Kwa hiyo seli hukifungia. Kifungio chenyewe ni protini iitwayo feritini, iliyotengwa mara ya kwanza mwaka 1937 na Mcheki Vilém Laufberger kutoka kwenye wengu wa farasi. Ni kibuyu cha vipande 24 kinachoweza kumeza hadi atomu 4,500 za chuma. Na humo ndani chuma hukaa katika umbo la madini lililo karibu sana na kutu. Utasikia watu mtandaoni wakisema ubongo wa mzee unashika kutu, wakidhani wameeleza ugonjwa. Kumbe kutu ile, ikiwa ndani ya feritini, ndiyo hali salama.

Tabu ni kuitoa. Seli ikihitaji chuma, hupeleka feritini kwenye lisosomu, vifuko vyenye asidi vinavyosaga kila kitu, na chuma kinaachiwa taratibu kwa matumizi. Mwaka 2014 ilijulikana ni protini gani inayoisindikiza feritini kwenda huko. Sasa lisosomu za seli kuukuu hulemewa. Za mikroglia hulemewa kuliko nyingi, kwa sababu ya kazi yake: mayelini inapochakaa, vipande vinamenyuka, mikroglia zinavila. Mwaka 2016 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwa panya kwamba kadiri umri unavyokwenda vipande hivyo huongezeka, na lisosomu za mikroglia hujaa mabaki yasiyosagika. Mayelini hutokana na seli zile zenye chuma kingi kuliko zote. Kila tonge la uchafu lina chuma ndani yake.

Mwaka 2018 kundi la Australia lilikuta jambo ambalo nimelifikiria mara nyingi nikiwa kazini. Walichunguza seli zilizozeeka mpaka zikaacha kugawanyika. Hazikuwa za ubongo, zilikuwa seli za tishu unganishi zilizokuzwa maabara, lakini kanuni inatufaa. Zilikuwa zimejaa chuma kupita kiasi, feritini tele. Na bado ishara zake zote zilikuwa za seli yenye njaa ya chuma: zilikuwa zimefungua milango ya kuingizia na kuomba zaidi. Usagaji wa feritini ulikuwa umeziba. Ni ghala lililojaa magunia ambalo mtunzaji kapoteza ufunguo. Watoto wanalala na njaa, naye anaagiza magunia mengine.

Nadhani hapo ndipo kiini cha suala kilipo, na ndiyo sababu sipendi maneno "chuma kimezidi". Kimezidi wapi? Seli hiyohiyo moja inaweza kuwa na kingi mno na kidogo mno kwa wakati mmoja. Ukipima jumla hutaona chochote cha maana.

Wolfgang Streit wa Florida, mwaka 2004, alieleza sura ya mikroglia hizi katika ubongo wa wazee: matawi yamepukutika, mengine yamevimba vifundo, mengine yamekatika vipande. Baadaye kundi lake likaonyesha kwamba zile zenye feritini nyingi ndizo hasa zilizochakaa. Kwa muda mrefu watu walidhani ubongo mzee una mikroglia zenye hasira, zinazowaka na kushambulia. Streit alisema tazameni vizuri, nyingi zimechoka. Mabishano hayajaisha, na nadhani pande zote zina lao, maana seli inayochoka hupitia hasira kwanza.

Uvimbe wa ndani, yaani hali ya kinga ya mwili kuwaka, unachangia kwa njia nyingine. Bakteria wanahitaji chuma, hivyo mwili ukipatwa na maambukizi huficha chuma. Ini hutoa homoni ya hepsidini, nayo hufunga feropotini, ambayo ndiyo njia pekee inayojulikana ya chuma kutoka nje ya seli. Ndiyo maana mtu mwenye kifua kikuu au maradhi ya muda mrefu hupungukiwa damu ilhali rangi ya Perls inaonyesha uboho wake umejaa buluu. Nimeziona slaidi hizo. Ubongoni hali ni hiyohiyo kwa kipimo kidogo: mikroglia ikipata ishara ya hatari huvuta chuma ndani na kufunga mlango. Kwa homa ya wiki moja huo ni ulinzi mzuri. Kwa uvimbe wa chini chini unaodumu miaka 30, kila mzunguko unaacha chuma zaidi ndani ya seli ambayo haina pa kukipeleka.

Na kikivuja? Mwaka 2012 Scott Dixon na Brent Stockwell, wakiwa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walikipa jina aina ya kifo cha seli kinachosababishwa na chuma kuunguza mafuta ya utando wake: feroptosisi. Mwaka 2023 yalichapishwa majaribio ambamo seli za binadamu za aina tatu, neva, astrosaiti na mikroglia, zilikuzwa pamoja na kuongezewa chuma. Mikroglia ndizo zilizoitikia kwa nguvu zaidi. Zilipoondolewa kwenye mchanganyiko, neva zilichelewa kufa. Yaani chuma kilichowekwa palepale, kwa kiasi kilekile, kilikuwa na madhara tofauti kutegemea aliyekishika alikuwa nani.

Si kila mshikaji ni mwovu, lakini. Mwaka 2020 ilionyeshwa kwamba oligodendrosaiti hutoa feritini na kuipelekea neva iwe kinga. Kushika chuma kwa ajili ya mwenzako ni sehemu ya kazi ya seli saidizi. Tatizo linaanza mshikaji anapochakaa.

Asili yenyewe imetuachia ushahidi katika familia chache. Mwaka 1987 madaktari wa Japani walieleza habari za mama wa makamo aliyekosa kabisa seruloplasmini, protini yenye shaba ambayo hukibadilisha chuma kiweze kubebwa kutoka kwenye seli. Ubongoni protini hiyo iko juu ya astrosaiti. Wagonjwa wa namna hii wanafika umri wa makamo wakiwa na kisukari, macho yaliyoharibika na baadaye mwendo wa kuyumba na kusahau; ubongo wao ukichunguzwa, astrosaiti zimejaa chuma na kuharibika umbo. Na cha kushangaza, wana upungufu wa damu. Chuma hakitoki kilipo kwenda kinakohitajika. Kisha mwaka 2001 familia fulani za Cumbria, kaskazini magharibi mwa Uingereza, zilikutwa na kasoro kwenye jeni ya feritini yenyewe. Kibuyu hakifungi vizuri. Kufikia umri wa miaka 40 hivi wanaanza kurushwa viungo bila kutaka.

Ukisoma hadi hapa unaona dawa imejitokeza yenyewe: kitoe chuma. Dawa za kukamata chuma zipo tangu zamani kwa wagonjwa wa thalasemia, maradhi ya damu ya kurithi, na wengine wanaoongezewa damu mara kwa mara. Mojawapo, deferiproni, hupenya hadi ubongoni. Katika ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa, chuma huongezeka kwenye eneo linaloitwa sabstansia nigra, mahali ambapo neva zinazotoa dopamini, kemikali inayopeleka ishara za mwendo, hufa. Jaribio dogo lililotangulia lilitia moyo. Basi likaandaliwa kubwa, barani Ulaya, la watu 372 waliogunduliwa karibuni na wasiokuwa wameanza dawa yoyote ya dopamini. Nusu wakapewa deferiproni, nusu kidonge kitupu, kwa wiki 36. Matokeo yalichapishwa mwishoni mwa mwaka 2022.

Dawa ilifanya kazi yake. Picha za MRI zilionyesha chuma kimepungua sabstansia nigra. Na wagonjwa wakazidiwa. Kwenye kipimo cha dalili, ambacho namba kubwa ni hali mbaya, waliopewa dawa walipanda kwa pointi 15.6, waliopewa kidonge kitupu, 6.3. Asilimia 22 ya waliomeza deferiproni walilazimika kuanzishiwa dawa za dopamini kwa sababu dalili zilizidi, dhidi ya asilimia 2.7 upande wa pili.

Sababu inayotolewa na wengi ni nyepesi kuielewa. Kimeng'enya kinachoanzisha utengenezaji wa dopamini kinahitaji chuma. Neva zilizobaki, tayari chache, zilinyang'anywa kile kidogo zilichokuwa zinafanyia kazi. Katika lile jaribio dogo la mwanzo washiriki walikuwa tayari wanatumia dawa za dopamini, hivyo upungufu huo haukuonekana. Mwaka 2024 yakatoka matokeo ya Australia kwa wagonjwa wa Alzheimer, ule ugonjwa wa usahaulifu: deferiproni ilipunguza chuma kwenye hipokampasi, eneo la kumbukumbu, na uwezo wa akili ukaporomoka kwa kasi zaidi, hasa ule wa kupanga na kuamua mambo.

Ninawaheshimu sana waliochapisha matokeo hayo bila kuyapaka sukari. Na ninaona yanasema wazi kuliko slaidi yoyote: dawa inayokusanya chuma haijui kutofautisha kilichokwama ndani ya mikroglia kongwe na kile kinachotumika sasa hivi ndani ya neva. Huenda hata ni rahisi zaidi kukichukua cha pili, maana cha kwanza kiko ndani ya feritini ndani ya kifuko kilichoziba. Baadhi ya watafiti sasa wameelekeza macho kwenye lisosomu: je, zinaweza kusaidiwa kusaga tena? Huko bado ni panya na seli za maabara.

Sisi wa pwani hatukuhitaji kungoja Ulaya itufundishe kwamba chuma si cha kumimina tu. Kisiwa cha Pemba kina nafasi yake katika historia hii, na nasikitika kwamba Waswahili wachache wanaijua. Mwaka 2001 zilichapishwa habari za utafiti wa huko kwa watoto 614 wa chini ya umri wa shule, kisiwa ambacho wakati huo malaria na minyoo ya safura vilikuwa vimewatafuna wengi. Watoto waliopewa miligramu 10 za chuma kila siku kwa mwaka mzima walipiga hatua kubwa zaidi ya lugha kuliko wenzao. Wale waliokuwa na upungufu mkali wa damu waliendelea zaidi pia katika kutambaa, kusimama na kutembea. Ni ubongo ule unaojenga mayelini, na oligodendrosaiti zinazohitaji chuma zao.

Baada ya hapo likaja jaribio kubwa, la kuwapa chuma na asidi foliki watoto wa Pemba kwa maelfu bila kwanza kupima nani anakosa. Waliolinganishwa walizidi 24,000, wenye umri wa mwezi 1 hadi 35. Agosti 2003 bodi ya usalama ilisimamisha sehemu ya chuma. Waliokuwa wanapewa chuma na asidi foliki walikuwa na uwezekano wa asilimia 12 zaidi wa kulazwa au kufariki, na malaria ilihusika sana. Lakini katika kundi dogo lililofuatiliwa kwa karibu, likapimwa damu na kutibiwa malaria, watoto waliokuwa na upungufu wa chuma kweli walinufaika. Dawa moja, kisiwa kimoja, umri mmoja. Waliokosa, wakapimwa na kutibiwa malaria, walinufaika; waliopewa bila kupimwa, kwa jumla, walidhurika. Siku hizi Shirika la Afya Duniani linasema chuma kitolewe sehemu zenye malaria pamoja na kinga, upimaji na tiba ya malaria.

Nimeandika yote haya kwa sababu ya ujumbe wa sauti wa mtoto wa shangazi yangu kutoka Tanga. Nainukuu sehemu, kwa ruhusa yake: "Dada, mama siku hizi anasahau mno. Jirani anasema damu haifiki kichwani, nimwongezee ile dawa ya damu. Halafu nimesoma mtandaoni chuma kinaua ubongo wa wazee. Sasa niache au niendelee? Na kuna jamaa anauza unga wa kutoa sumu ya chuma mwilini, elfu arobaini."

Huo unga nilimjibu kwanza: asinunue. Kama deferiproni yenyewe, iliyopimwa na kusimamiwa na madaktari, iliwazidishia watu ugonjwa, unga wa sokoni una cha kueleza nini?

Kuhusu dawa ya damu nilimwambia asiache wala asiendelee kwa kubahatisha, apime. Picha kamili ya damu, feritini, na pamoja nayo kipimo cha CRP kinachoonyesha uvimbe, kwa sababu feritini ya kwenye damu hupanda mwili ukiwa na maambukizi hata kama akiba ya chuma imekauka. Ikija chini, ni upungufu bila ubishi. Ikija ya kawaida na CRP iko juu, bado hujajua kitu. Na kwa mtu anayesahau, vitamini B12 na tezi ya shingo vipimwe pia, maana hayo mawili yana tiba na mara nyingi yanapitwa. Nilimweleza pia kwamba hakuna namba ya feritini kwenye damu ya mama yake itakayotueleza mikroglia zake zimeshika nini. MRI maalumu inaweza kukisia chuma cha ubongoni, kwa kuwa chuma huivuruga sumaku na mahali hapo hutokea giza kwenye picha, lakini jibu lake lisingebadilisha tiba yoyote tunayoweza kumpa leo.

Feritini ya shangazi ilikuja chini sana, na CRP ya kawaida. Mzee wa umri wake akikosa chuma, swali la kwanza ni damu inavujia wapi. Ikajulikana ni tumboni: dawa za kutuliza maumivu ya magoti, alizokuwa akijinunulia dukani kwa miaka, zilikuwa zimemtoboa kidonda. Amebadilishiwa dawa ya magoti, anatibiwa kidonda, na vidonge vya chuma anavimeza kwa mpango wa daktari, mbali na saa za chai ya rangi ambayo huzuia chuma kufyonzwa. Damu imepanda na anatembea mpaka msikitini na kurudi bila kuhema. Kusahau bado anasahau, kwa hiyo mwezi ujao ana miadi na daktari wa mfumo wa neva.